Jua Halina Kesi Zote

Mwezi huu namkabidhi mpwa wangu kibanda changu cha stika karibu na steji ya Kitale. Magoti yamekataa kuchutama kando ya milango ya magari. Kazi naiacha kwa roho safi, ila kuna ubishi mmoja ambao sitaki urithiwe ukiwa na jibu la uongo.

Nilizaliwa Kanduyi, Bungoma. Baada ya darasa la nane karo ilikosekana, nikapelekwa kwa mzee aliyeandika mabango ya maduka kwa brashi. Brashi ilitulisha mpaka stika zilipotufikia. Kisha Februari 2004 zikaanza kutumika kanuni za Waziri John Michuki: kila matatu iwe na mstari wa manjano na njia yake iandikwe. Wengine walipaka rangi. Sisi tulikata stika kwa wembe. Kazi ilifurika, na haukupita muda mistari ikaanza kupauka na kujikunja.

Fundi mmoja wa Bungoma, ambaye wateja wake wanamjua, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyerudi kulalamika: "Mkubwa, hilo ni jua." Mzee wangu aliposikia hivyo alimfungulia mwenye gari mlango wa nyuma, akamwonyesha stika ya ndani, nayo imeanza kurudi pembeni. "Na hapa jua liliingilia wapi?"

Alitufundisha kutazama uharibifu ulikoanzia. Stika ikipasuka katikati juu ya boneti, huku ya mlangoni ikiwa nzima, hilo ni jua kweli. Stika hizi ni za PVC, ambayo kwa asili ni plastiki ngumu. Hulainishwa kwa plastisaiza. Joto huifukuza plastisaiza hiyo kidogo kidogo, mionzi ya urujuanimno hukatakata minyororo ya plastiki yenyewe, na kinachobaki ni gamba kavu. Boneti hulitazama jua la ikweta mchana kutwa, na chini yake kuna injini inayochemka.

Madereva wa Kitale walimbishia mzee kwamba kwao ni baridi. Baridi hiyo inadanganya. Mji uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Mionzi inayoua stika huwezi kuihisi kwa ngozi kama joto, na kadiri unavyopanda, hewa ya kuichuja inapungua.

Lakini stika ikirudi nyuma pembeni, ikaacha ukanda wa gundi ulioshika vumbi, wa kuulizwa kwanza ni fundi. Hiyo ni stika ya bei nafuu, iliyobanwa na kuvutwa kati ya rola kiwandani. Kama mpira wa manati, ikipata joto inataka kurudi ilikotoka. Ile ya bei ghali humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa bila kuvutwa. Ni nyembamba zaidi, lakini hainywei ovyo. Mwenzetu yule wa Bungoma alinunua ya rola akaiuza kwa bei ya kumiminwa. Tena akaipasha moto na kuivuta ipite kwenye mabonde ya ubavu wa nissan, kisha akalishtaki jua.

Na ikianza kubanduka kutoka chini, uliza nani aliisafisha bodi. Nta na dizeli haziondoki kwa kitambaa kikavu. Futa kwa spiriti. Au mwosha gari ameielekeza pampu ukingoni.

Vijana, plota zenu zinakata kwa dakika maandishi yaliyotuchukua asubuhi nzima, na mimi sina wivu nazo. Kinachonikera ni fundi anayebandika kabla hajapitisha kidole kwenye bodi. Zungusheni pembe, maana ncha kali ndiyo hunyanyuka kwanza. Na mwambieni mwenye gari ukweli: ya rola ni ya miaka michache, ya kumiminwa, ikibandikwa vizuri ubavuni, inaweza kufika saba au kupita. Akichagua rahisi, achague akijua.

Mpwa wangu ameniuliza kama aandike garantii kwenye bango. Nimemwambia aandike ya ubavu tu, bei mbili zikae wazi ukutani, na kipande cha kila stika kining'inie chini ya bei yake. Ya boneti asimwahidi mtu, si Kitale wala Bungoma.