Chechelesi: Kiwanja Kando ya Timbo

Atokaye pwani huingia Isiolo kama aingiaye mji aliokwisha kuujua. Adhana ni ile ile na mabuibui ni yale yale. Isipokuwa mahali pa bahari pana uwanda mkavu, na mahali pa samaki pana nyirinyiri. Mji uko yapata kilomita 285 kaskazini ya Nairobi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Kisomali walipewa makazi hapa, na leo wao, Waborana, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana katika soko moja. Chechelesi ni mojawapo ya mitaa yake, nako ndiko tulikofikia kwa jamaa zetu.

Jamaa hao walikuwa wameonyeshwa kiwanja cha bei nafuu kando ya timbo la zamani lililofukiwa. Bi mkubwa wa nyumba alitutaka shauri, akiamini kuwa watu wa Mombasa, waliokulia karibu na matimbo ya Bamburi, hawakosi kuyajua mambo haya.

Kwa macho palipendeza, kwani nyasi zilikwisha kuota. Lakini kifusi si ardhi iliyolala tangu kuumbwa kwake. Udongo mkavu uliomwagwa tu husimama kwa mwinamo wa kama digrii 30 hadi 37. Ukizidishiwa hapo, huporomoka. Mvua ikiuingia, huwa mzito, na wakati huo huo chembe zake huachana. Ndiyo maana mteremko uliotulia kiangazi chote huweza kuanguka masika, au hata siku kadhaa baada ya mvua kukatika.

Tulizunguka polepole. Juu ya ukingo hutafutwa nyufa zinazofuata mkondo wa ukingo wenyewe. Katikati, miti na nguzo zilizoinama. Chini, udongo uliotuna kama tumbo, au maji yanayochuruzika pasipo chemchemi. Tuliona ufa mmoja, mwembamba, upana wa kidole. Palipotutia hofu zaidi ni chini, ambako watu walikuwa wamechimba mchanga wa kujengea. Kuuondoa mguu wa mteremko ni kuuondolea egemeo lake.

Huko Aberfan, Wales, siku ya Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la kifusi cha mgodi wa makaa lililorundikwa juu ya chemchemi liliporomoka baada ya mvua na kuifunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Wakazi walikuwa wamelalamika kabla.

Bi mkubwa alituuliza: mbona Bamburi pamekuwa msitu? Ni kweli. René Haller alianza mwaka 1971 kwenye sakafu tupu ya timbo. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, zilisimama tatu tu: mvinje, mnazi na mdamasi, mti wa asili ya Somalia. Majongoo waliyasaga majani ya mvinje yakawa udongo. Lakini miti ile ilipandwa juu ya mwamba. Juu ya kifusi, mizizi hushika ngozi ya ardhi. Mporomoko mkubwa huanzia chini ya mizizi. Kijani, kwa maoni yetu, ndicho kinachowadanganya wanunuzi wengi.

Tukamshauri amuulize muuzaji timbo lilifukiwa lini, kwa nini, na kama lilishindiliwa tabaka kwa tabaka. Kisha amlipe mhandisi wa udongo kabla ya kulipa arubuni. Mzee mmoja alisema tumtegemee Mungu. Katika mji wa ngamia, hadithi ya kumfunga ngamia kwanza haihitaji kufasiriwa.

Kabla ya kuondoka tulipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa. Bi mkubwa atapima nafasi iliyo baina yake kila Ijumaa kwa utepe wake wa cherehani, hadi mvua za masika zipite. Watoto wamekwisha kukatazwa kucheza chini ya ukingo, na muuzaji ameambiwa angoje.