Babu karuhusiwa, halafu?

Nimekuwa kimya wiki mbili hapa, na sababu sio testi wala bumu kuchelewa. Nilikuwa na kazi ambayo haipo kwenye ratiba ya chuo: mratibu wa rufaa wa ukoo.

Kama umetoka Rukwa na unasoma hapa Mbeya utanielewa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndiyo inayopokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo mgonjwa akishindikana Sumbawanga, ndugu wanaulizana kitu kimoja tu: "Mbeya tuna nani?" Wana mimi.

Kwetu ni kijijini, ndani ndani huko kutokea Laela. Babu alipopata kiharusi alipelekwa kwanza hospitali ya mkoa Sumbawanga, halafu akapewa rufaa ya kuja huku. Sasa ukijua ramani utacheka kidogo, maana Laela iko kati ya Sumbawanga na Tunduma. Babu alipita tena njia panda ya kwao akiwa amelala kwenye ambulensi! Lakini utaratibu una maana yake. Kule walimshusha presha na kuandika kila walichofanya, hivyo huku hawakuanza moja. Na tushukuru lami. Zile kilomita 223 za Tunduma hadi Sumbawanga zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika.

Kwa hiyo kupanda ngazi kuna utaratibu wake. Kushuka ndio kazi.

Siku ya nane daktari akasema babu karuhusiwa. Ambulensi ilishageuka siku ileile iliyomleta. Babu mkono na mguu wa kulia havisogei, ana mpira wa mkojo, na inabidi ageuzwe kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya mgongo. Nikamfuata nesi na daftari langu la lekcha.

"Dada shikamoo. Huu mpira utabadilishwa lini, na nani?"

"Marahaba. Kwenu kuna zahanati? Basi mpigie mganga mfawidhi kabla hamjaondoka, muulize kama ana mipira ya saizi hii."

Nikapiga. Hakuwa nayo. Tukanunua miwili duka la dawa, michango ikaja kwa simu, baba mkubwa akauza magunia ya mahindi, tukakodi Noah.

Siku hizi mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura unapiga 115 bure, anapokea mtu ambaye kazi yake ni kutafuta gari na kuijulisha hospitali inayompokea. Ndio mfumo wa m-mama, ambao serikali ilianza kuusambaza nchi nzima mwaka 2022. Ni jambo zuri sana, wala siwaonei wivu akina mama. Ila mzee wa kiharusi anayerudi kijijini hana namba ya kupiga. Ana mjukuu mwenye vocha.

Kuna makazi ya wazee ya serikali, kama Kolandoto kule Shinyanga na Nunge kule Kigamboni, lakini yale ni ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Babu ana watoto saba, kwa hiyo makazi yake ni shangazi. Na shangazi msimu huu halimi, maana huwezi kwenda shamba na kumgeuza mtu kila masaa mawili. Hiyo gharama haipo kwenye risiti yoyote.

Wadau, mgonjwa wenu akiruhusiwa, ulizeni mambo manne kabla ya kutoka wodini: dawa gani na hadi lini, mpira au kidonda atahudumia nani, mazoezi ya viungo yanafanywaje (mwombeni awaonyeshe kwa vitendo), na dalili gani ni za kurudi haraka. Halafu pigeni simu kule anakokwenda.

Jana shangazi kaniambia mgongo wa babu ni msafi, hakuna kidonda. Mpira unabadilishwa Jumanne. Ngoja nikamalizie asaimenti.