Presha, Uzito na Minong'ono ya Ilagala

Je, vidonge vya presha hubadili uzito wa mwili? Swali hili huonekana la kitabibu tu, la kuachiwa madaktari. Kwetu Ilagala, pale Mto Malagarasi unapokaribia kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, ni swali la heshima ya mtu, na wakati mwingine la uhai wake.

Mama yangu mkubwa alianzishiwa vidonge hivyo akiwa na miaka 63. Wiki za mwanzo magauni yakaanza kumlegea. Wanawake aliokuwa akikamua nao mawese walinyamaza kwanza, kisha wakanong'ona. Tukumbuke kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo kukonda kulisomwa vijijini kama hati ya hukumu. Mama mkubwa alikuwa mjane, alijua yatakayosemwa. Akaacha dawa bila kumwambia yeyote, si sisi wanawe, si wahudumu wa kituo. Miezi minane baadaye kiharusi kikamlaza upande wa kushoto. "Mwanangu," aliniambia nilipofika, "ile dawa ilikuwa inanimaliza mwili."

Haikuwa ikimmaliza. Kidonge chake kilikuwa cha jamii ambayo watu huiita dawa ya maji: huzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi kwa mkojo. Kinachopungua mwanzoni ni maji, si nyama wala mafuta ya mwili, na baada ya wiki chache upungufu huo hukoma. Dawa za jamii ya atenololi huelekea upande wa pili. Hupunguza mapigo ya moyo na nguvu ambayo mwili hutumia. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001 yaliona ongezeko la kama kilo 1.2. Amlodipini hutanua mishipa, na kwa baadhi ya watu maji hujaa kwenye vifundo vya miguu; kiatu kikibana, mtu hudhani amenenepa. Losatani na kaptoprili kwa kawaida haziugusi uzito.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ila kwa kiasi kidogo, na hutegemea kidonge. Anayeendelea kukonda mwezi baada ya mwezi asikisingizie kidonge. Apimwe kisukari, kifua kikuu na mengineyo. Naye anayeongezeka kilo 2 ndani ya siku chache huku pumzi zikimpaa, awahi hospitali, kwani huenda moyo ndio unaoshindwa kazi.

Maelezo haya hayachukui hata dakika 5. Mama mkubwa hakupewa hata moja. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi iliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kadi yake ya kliniki, ambayo nimeishika mkononi, ina safu ya uzito. Katika mahudhurio 11 imejazwa mara 2.

Utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, mkoani Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye presha, wasiofika 20 ndio waliojua kuwa wanayo, kama 10 walikuwa kwenye matibabu, na asiyefika hata mmoja ndiye ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Maofisini takwimu za namna hii huzaa neno moja: utoro. Mgonjwa ni mtoro wa dawa. Neno hilo linaniudhi, kwa sababu linamhukumu mtu ambaye hakuelezwa atarajie nini. Mama mkubwa alifanya uamuzi wenye mantiki kwa taarifa alizokuwa nazo: mwili wake aliuona ukipungua, presha yake hakuiona.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nami niliiunga mkono na bado naiunga. Sheria hiyo inahusu malipo. Walio dirishani hawatapata muda zaidi wa kuzungumza kwa sababu tu foleni imekuwa na kadi.

Siku hizi mama mkubwa humeza dawa zake na kupimwa uzito kila Jumapili kwenye mizani ya magunia ya mihogo ya jirani. Mjukuu huandika namba. Nawaomba wasomaji wangu mnaoandaa bajeti za halmashauri mnieleze: mizani moja na karatasi moja ya Kiswahili kwa kila kliniki ya presha vinaingia katika kifungu kipi?