Mkono wa Kushoto wa Mpiga Banjo

Banjo ya nyuzi tano ina uzi mmoja mfupi. Kigingi chake kimekaa ubavuni mwa shingo, kwenye freti ya tano (freti ni vipande vyembamba vinavyokatiza shingo), na gumba la mkono wa kulia huupiga ulie sauti ileile wimbo mzima. Mpango huo una asili ya Afrika Magharibi. Akonting, ala ya nyuzi ya Wajola wa Gambia na Senegal, inao mpaka leo. Kwa kuwa uzi huo mfupi hulia sauti ileile, mkono wa kushoto hushughulika zaidi na nyuzi nne zilizobaki, na namna ya kuzishika imebadilika sana tangu karne ya 19.

Banjo zilizotengenezwa na William Boucher mjini Baltimore miaka ya 1840 hazikuwa na freti. Shingo ilikuwa mbao tupu na nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama. Kidole kilijitafutia sauti chenyewe, na kikikosea kidogo tu, kila aliyekuwepo alisikia. Mwaka 1855 kitabu cha mafunzo cha Thomas Briggs kilichapishwa Boston, lakini wapigaji wengi, Weusi kwa Weupe, walijifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wao na kumtazama vidole. Freti zilipoenea mwishoni mwa karne hiyo, kidole kilipata kituo, na wanafunzi wakaanza kukandamiza zaidi ya inavyohitajika.

Mwimbaji Pete Seeger naye alivutiwa na banjo hiyo kwa kuona na kusikia, katika tamasha la Asheville mwaka 1936. Mwaka 1948 alitoa kitabu chake cha kufundishia: kurasa za taipu zilizorudufiwa kwa stensili kama mitihani ya shule za zamani, nakala 100 tu. Ndani yake aliyapa majina mambo ambayo wazee waliyafanya bila kuyataja. La kwanza ni kugonga: uzi unapigwa ukiwa wazi, kisha kabla sauti haijafifia kidole cha kati kinashuka juu yake kwa ghafla, nyuma kidogo ya freti, na sauti ya pili inatoka bila mkono wa kulia kugusa kitu. La pili ni kukwanyua: kidole kinapoondoka hakiinuliwi juu, kinavutwa pembeni kidogo ili kiukwaruze uzi na kuuacha ukilia. Anayeanza huinua kidole wima, sauti ikafa, kisha akalaumu chombo.

Mshiko wenyewe ni mwepesi. Gumba hupumzika nyuma ya shingo, kiganja kikiacha nafasi, na vidole hujikunja ili ncha ndizo ziguse uzi. Kidole kikilala, huziba uzi wa jirani. Kucha za mkono huu hukatwa fupi. Uzito wa banjo hubebwa na mapaja na mkanda. Mkono unaoshikilia shingo isianguke hauwezi kukimbia. Kwa kuwa nyuzi zikiachwa wazi hutoa kodi ya G, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, katika mpangilio uliozoeleka, mwanafunzi ana nafasi ya kuanza na kidole kimoja, na hakuna sababu ya kumbebesha kodi kumi siku ya kwanza.

Desemba 1945 mpiga banjo Earl Scruggs alijiunga na bendi ya Bill Monroe huko Nashville, na macho yote yakahamia mkono wake wa kulia, wenye vidole vitatu vilivyopishana kwa kasi. Wa kushoto ukasahauliwa, isivyo haki. Wimbo wake wa mwaka 1949, Foggy Mountain Breakdown, unafunguliwa kwa kugonga uzi wa pili kutoka freti ya pili hadi ya tatu. Katika Earl's Breakdown ya 1951 mkono wa kushoto unaacha freti na kuzungusha kigingi wimbo ukiendelea.

Scruggs alifariki mwaka 2012, Seeger 2014. Kanda za kaseti zilikuja zikapita, zikafuata video, na maandishi ya namba yakatawala. Namba hutaja uzi na freti, lakini haionyeshi kidole kishuke kwa nguvu gani wala kikae hapo kwa muda gani, na inasikitisha kusikia nyimbo nzima zikipigwa sahihi namna hiyo, kila sauti ikikatwa kabla ya wakati wake. Béla Fleck, mpiga banjo hodari, alipozunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali mwaka 2005, alikaa magoti kwa magoti na wenyeji, miongoni mwao Anania Ngoliga na ilimba yake, ala inayopigwa kwa vidole gumba, akasikiliza na kufuata. Anayeanza afanye vivyo hivyo: asikilize kipande kifupi mara kadhaa, akitafute shingoni polepole, na kidole kisiinuke mpaka sauti inayofuata iwe tayari.