Jiwe Lililoulizwa Mara Mbili

Maumivu ya jiwe la figo hayakwambii jiwe lenyewe limeumbwa kwa kitu gani. Likishuka kwenye mrija unaopeleka mkojo kibofuni, mtu hujikunja, hutapika, hatulii akikaa wala akilala. Wagonjwa wawili wa vitanda jirani wanaweza kuugulia kwa namna ileile, ilhali mmoja ana jiwe la kalsiamu na mwenzake la asidi ya yuriki. Hilo limenikaa moyoni tangu mjomba wangu alipoambiwa kuwa jiwe lake linaweza kuyeyushwa kwa vidonge, bila kupasuliwa.

Kabla ya hapo kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na ushauri. Anywe madafu. Aache maziwa. Wote walimpenda, na kila mmoja alimjua mtu aliyepona kwa njia hiyo. (Hilo la maziwa madaktari wa figo hawaliungi mkono: kalsiamu ya chakula hushikana tumboni na oksaleti, kiambato cha mawe mengi ya kalsiamu, ili oksaleti hiyo isifike kwa wingi kwenye figo.)

Kilichomsaidia ni kipimo cha CT cha nishati mbili. CT ya kawaida huona karibu mawe yote, hata yale ya asidi ya yuriki ambayo eksirei huyapita kana kwamba hayapo. Huonyesha jiwe liko wapi na lina ukubwa gani. Limetokana na nini, hapo huanza kubahatisha. CT ya nishati mbili hulipiga jiwe lilelile kwa mionzi ya nguvu mbili, mara nyingi kilovolti 80 na 140, kisha kompyuta hulinganisha majibu. Kalsiamu, ambayo namba yake ya atomiki ni 20, huizuia mionzi dhaifu zaidi kuliko inavyoizuia ile yenye nguvu, kwa hiyo majibu yake mawili hupishana sana. Asidi ya yuriki imeundwa kwa elementi nyepesi, yaani kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni, na majibu yake hukaribia kulingana. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, alikwisha kuligusia wazo hilo katika maandishi yake ya 1973. Miongo mitatu hivi ilipita kabla halijawa kazi ya kila siku hospitalini.

Mimi ni mwalimu, na ninaposoma habari za kipimo hiki nawaona wanafunzi wangu. Wavulana wawili wanakaa nyuma, wote kimya, wote wanapata sifuri ya hesabu. Ukiwauliza mbele ya darasa, jibu ni moja: "Sijui, mwalimu." Waulize tena chini ya mwembe, polepole, bila daftari la mahudhurio mkononi. Mmoja haoni ubaoni. Mwingine hajala tangu jana mchana. Huyu anahitaji miwani, yule anahitaji uji, na fimbo haikuwa dawa ya yeyote kati yao. Swali la ukali peke yake lisingewatenganisha; hata kwenye jiwe, ni mionzi dhaifu inayoifichua zaidi kalsiamu, ingawa bila ile ya pili hakuna cha kulinganisha nacho.

Kipimo hiki nacho kina mipaka. Jiwe dogo sana au lenye mchanganyiko huweza kukisumbua. Mjomba, ambaye jiwe lake lilionekana kuwa la asidi ya yuriki, anatumia potasiamu sitreti ili kupunguza asidi ya mkojo, na kila asubuhi anaupima kwa karatasi maalumu: daktari anataka pH kati ya 6.5 na 7, isizidi sana, kwa sababu ikipanda mno mawe ya aina nyingine hupata nafasi. Na ambaye hana mashine hiyo karibu asikate tamaa. Akojoe kupitia chujio, na jiwe likitoka asilitupe. Alipeleke maabara likachunguzwe.