Chapa ya Kwanza

Mwaka wangu wa pili chuoni niliuza kitabu cha baba kwa shilingi elfu tatu. Kilikuwa Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, chapa ya 1974, East African Publishing House, Nairobi. Wakati ule sikujua kama hayo yote yana maana. Nilichojua ni kwamba bumu limechelewa, nina njaa, na pale Posta kuna wauza vitabu vikuukuu wasiouliza umekitoa wapi. Baba alinipa siku naondoka Igwachanya. Alisema kinamhusu kijana wa chuo kikuu, nitajiona humo. Sikukifikisha hata nusu.

Sasa nina miaka thelathini na kitu, ni mwandishi wa habari, na nakusanya chapa za kwanza za riwaya za Kiswahili. Wenzangu kazini wananicheka. Mtu mwenye mshahara wa kuungaunga anatoa elfu hamsini kwa kitabu kilichochanika, wakati maneno yake ni yaleyale ukinunua kipya! Sibishani nao. Maneno karibu yote ni yaleyale kweli.

Ukitaka kuijua kazi hii, usidanganywe na jalada. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Hapo utakuta mchapishaji, mji na mwaka. Kama chini ya mwaka wa kwanza imeandikwa miaka mingine, basi umeshika chapa ya baadaye, hata kama toleo ni lilelile. Sisi wakusanyaji tunatafuta zile zilizotoka mtamboni mara ya kwanza. Ulaya na Marekani wanalipa pesa nyingi kwa ajili ya lile karatasi la nje linalofunika jalada gumu, na likikosekana bei inaporomoka. Riwaya zetu nyingi hazikuwa na anasa hiyo. Zilitoka na jalada jepesi na gundi ya kuombea Mungu. Mchwa wakazila, moshi wa jikoni ukazigeuza rangi, na watu wakaziazimana mpaka zikaachana kurasa.

Kinachonivuta mimi ni ule ukurasa wenyewe. Chukua Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ya 1971. Mwandishi ni mtu wa Ukerewe. Mchapishaji ni East African Literature Bureau, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, halafu miaka ikapita kikaja kusomwa darasani. Jumuiya yenyewe ilivunjika 1977. Kiweke karibu na Kuli cha Adam Shafi, kinachohusu mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Hicho kilitoka 1979, Tanzania Publishing House, Dar es Salaam. Mistari michache ya herufi ndogo, na unaona nani alikuwa anachapa wapi kabla mambo hayajabadilika. Chapa mpya haina habari hiyo, au inaidokeza tu.

Hayo ndiyo huwa nawaambia watu. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa natafuta kitabu kimoja.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilitumwa Makambako kuandika habari ya bei ya parachichi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinisikia nikiongea habari za vitabu akanikaribisha kwake. Akavuta boksi kutoka uvunguni. Chini kabisa, Kichwamaji. 1974, na chini ya mwaka huo hakuna kitu. Alitaka elfu kumi. Nikampa hamsini, akaniangalia kama nimerukwa na akili.

Jioni nilipanda Noah kwenda Igwachanya. Baridi ya mwezi ule mnaijua. Baba alikuwa amevaa masweta mawili, ameusogelea moto, viazi vinachemka. Nikampa kitabu, na kabla sijakaa nikasema, "Baba, kile chako nilikiuza. Nilipokuwa chuo."

"Najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ulirudi likizo hukukitaja hata siku moja. Mtu aliyesoma Kichwamaji hawezi kunyamaza hivyo."

Akakigeuza nyuma na mbele, akakinusa. "Hiki si changu. Changu kilikuwa na doa la mafuta ya taa. Nilikuwa nakisomea kwenye koroboi, chuo cha ualimu." Kisha akavaa miwani, akaanza kusoma. Siku mbili hakuongea na mtu.

Siku ya tatu nakunywa chai, naangalia mezani, kitabu hakipo.

"Nimemwazima binti wa jirani," baba akasema. "Yuko kidato cha tatu. Anapenda kusoma, ila vitabu hana."

Aisee, nilisimama. Nikamweleza nimekitafuta miaka mingapi, nimelipa kiasi gani, kwamba yule mtoto ningemnunulia kipya, hata viwili. Nikamaliza kwa kupaza sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia baba: "Baba, ile ni chapa ya kwanza!"

Hakukasirika. Alipuliza chai yake.

"Na mimi nilikuwa na chapa ya kwanza, mwanangu. Nikakuazima wewe."

Nikakaa chini.

Nilirudi Dar mikono mitupu. Rafuni kwangu, kati ya Rosa Mistika na Kuli, nimeacha nafasi ya kitabu kimoja. Nikipiga simu nyumbani namuuliza baba habari za baridi, za viazi, za goti lake, halafu mwishoni, kama mtu asiyejali, namuuliza yule binti amefikia wapi.

"Bado anasoma," ananijibu.