Kijana wa Vazi la Kijani

Yamkini baadhi ya wasomaji wa mkusanyiko huu watashangaa kumwona mtunzi wa mashairi, tena mtumishi wa serikali aliyekwisha kuvuka umri wa miaka hamsini, akishika kalamu ili azungumzie vitabu vya katuni vya Kimarekani vilivyotokana na mchezo wa watoto wa televisheni. Sina haja ya kuomba radhi. Mimi ni mpenzi wa katuni tangu nilipokuwa nikinyang'anyana gazeti la Uhuru na kaka zangu, ili niwahi kumwona Chakubanga kabla ukurasa wake haujafungiwa maandazi. Mwaka 2017 binti yangu alirudi kutoka masomoni ng'ambo na vitabu viwili vya Mighty Morphin Power Rangers, na tangu hapo nimekuwa nikivitafuta vingine kila nipatapo mtu wa kumwagiza. Nina maoni juu yake, na maoni yenyewe yanahusu jambo ambalo nadhani linatufaa sisi tunaojadili utamaduni: mtu akichukua hadithi ya mwenziwe, huifanya yake kwa njia gani?

Asili ya hadithi hii si Marekani. Mwaka 1975 huko Japani televisheni ilianza kuonyesha mchezo uitwao Himitsu Sentai Gorenger, wenye mashujaa watano wa rangi tano, na aliyeubuni alikuwa Shotaro Ishinomori, mchoraji mashuhuri wa katuni. Kwa hiyo tangu mwanzo mambo haya yalitoka katika kichwa cha mtu wa kalamu na wino. Michezo ya namna hiyo ikaendelea mwaka hadi mwaka, na mwaka 1993 Wamarekani wakachukua picha za mapigano za mchezo wa Kijapani uitwao Kyōryū Sentai Zyuranger, wakaziunganisha na picha walizozipiga wenyewe za vijana wa shule katika mji wa kubuni wa Angel Grove, wakauita mchezo wao Mighty Morphin Power Rangers. Aliyevaa kofia na kupigana alikuwa Mjapani. Aliyeivua kofia na kutabasamu alikuwa Mmarekani. Mtazamaji mwenye macho makali aliweza kuona kiraka kilipo. Mathalani, shujaa wa manjano kwa Wajapani alikuwa mwanamume, na kwa Wamarekani akawa msichana aitwaye Trini. Ndiyo sababu vazi lake halina sketi kama la mwenziwe wa waridi. Mchezo ule ulipendwa na watoto na kuchukiwa na wazazi wengi kwa sababu ya ngumi na mateke. Katika New Zealand ulilalamikiwa mpaka ukaondolewa katika televisheni mwaka 1994. Na walimwengu wasivyotabirika, awamu ya mwaka 2003 ikaja kutengenezwa huko huko New Zealand.

Lakini tumtazame kijana mmoja tu, yule wa vazi la kijani, kwani yeye ndiye kiini cha maneno yangu.

Katika mchezo wa Kijapani kijana huyo anaitwa Burai. Yeye ni ndugu wa damu wa kiongozi wa mashujaa, naye anamchukia kwa kisasi cha kifo cha baba yao. Baadaye wanapatana, walakini muda wake wa kuishi umehesabiwa, na mwishowe anakufa. Wamarekani walizitumia picha zile zile, vazi lile lile, hata filimbi ile ile inayogeuka kuwa jambia, wakasimulia habari nyingine kabisa. Kwao kijana ni Tommy Oliver, mgeni shuleni, ambaye mchawi Rita Repulsa anamloga na kumpa sarafu ya nguvu. Kwa muda wa vipindi vitano anawapiga mashujaa na kukiharibu kituo chao, mpaka kiongozi wao Jason anauvunja upanga wa uchawi, na Tommy anazindukana. Jason anamnyoshea mkono, Tommy anaushika, na mara anakuwa mmoja wao. Kisasi cha ndugu kimegeuka kuwa uchawi. Mauti yamegeuka kuwa msamaha.

Kuna watakaosema kuwa huo ni wizi wa hadithi. Mimi siafiki. Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, ambaye utendi wake wa Tambuka tunao katika hati ya mwaka 1728, aliichukua habari ya vita iliyosimuliwa na Waarabu, naye akaitia katika vina na mizani vya kwetu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kuwa utendi ule si wetu. Mtunzi anayerithi hadithi huonyesha uwezo wake pale anapoamua kukaa: wapi anatua mzigo, wapi anapita mbio. Na kosa la mchezo wa Kimarekani, kwa maoni yangu, ni kwamba ulipita mbio palipostahili kutuliwa. Tommy aliuvunjavunja mji Jumatatu, na Jumanne yumo pamoja na wenziwe akicheka na kunywa maji ya matunda.

Mwaka 2016 kampuni ya BOOM! Studios ya Marekani ilianza kutoa katuni mpya za hadithi hii. Mwandishi alikuwa Kyle Higgins, na mchoraji Hendry Prasetya, mzaliwa wa Indonesia. Walikuwapo waliotangulia, kwani katuni za Power Rangers zilichapwa pia miaka ya 1990, lakini zile zilikwenda nyuma ya televisheni kama mkia. Higgins alifanya jambo la busara sana. Alifungua hadithi yake asubuhi ya baada ya mkono ule kushikwa. Uchawi umevunjika, Tommy yu huru, lakini Rita anaendelea kumtokea na kumnong'oneza, naye kijana hajui kama ile ni sauti ya adui au ni sauti yake mwenyewe. Wenziwe wanamkaribisha, wengine kwa moyo, wengine kwa ulimi.

Hapa ndipo nilipokiweka kitabu chini kwa muda. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi palikuwa na karani kijana aliyeamrishwa na mkubwa wake atie sahihi katika hati za malipo ambazo hazikuwa halali. Alitia, kwa hofu ya kupoteza kazi. Mambo yalipofichuka, mkubwa aliondoshwa, na karani akaonekana kuwa alitumiwa tu. Akarudishwa kwenye meza yake kwa barua nzuri yenye mhuri. Basi tukamkaribisha. Tulimwamkia, tulimwagizia chai, tulimchangia alipofiwa. Ila ufunguo wa kasha haukuwekwa mikononi mwake tena hata siku ambayo mtunza fedha alikuwa mgonjwa, na hapana aliyetamka sababu yake. Alikaa nasi miaka minne hivyo, kisha akaomba uhamisho. Sijapata kusoma riwaya ya Kiswahili iliyoyaeleza maisha ya mtu wa namna hiyo, mtu aliyesamehewa kwa barua. Nilimkuta katika katuni ya watoto wa Kimarekani, amevaa kofia ya kijani yenye sura ya joka.

Televisheni isingeweza kuyafanya hayo, na sababu yake si uvivu peke yake. Mchezo ulifungwa na picha zilizonunuliwa: kila kipindi hakina budi kiwe na jitu, jitu halina budi kukuzwa, na mitambo haina budi kuungana, kwa kuwa picha hizo zimekwisha kulipiwa. Mchoraji hana deni hilo. Akitaka ukurasa mzima usiwe na pigo hata moja, hauna. Akitaka Tommy aketi peke yake na Rita asimame nyuma yake kama kivuli cha saa kumi jioni, anachora. Tena karatasi haina kelele. Wale waliowahi kuusikia muziki wa mchezo ule, na watoto wakiuimba kutwa nzima, watanielewa.

Kisha Higgins akaongeza jambo ambalo ndilo kilele cha kazi yake. Tommy na mwenziwe Billy wanajikuta katika ulimwengu mwingine unaofanana na wao, nao umetawaliwa na dhalimu aitwaye Drakkon, mwenye vazi lililochanganya kijani na nyeupe. Mashujaa waliosalia wamenyang'anywa sarafu zao na wanaishi mafichoni. Drakkon akiivua kofia, uso ni wa Tommy. Katika ulimwengu ule uchawi ulivunjika vile vile, Jason aliunyosha mkono vile vile, lakini kijana hakuushika. Alirudi kwa Rita kwa miguu yake. Uovu wa kwanza alitumwa, wa pili aliuchagua. Nawaomba waalimu waupime mkasa huu pamoja na wanafunzi wao kama wanavyoupima mkasa wa tamthilia yoyote, maana swali lake ni zito: je, mwema na dhalimu wametenganishwa na tabia, au na dakika moja ya kushika mkono? Mwandishi hatoi jibu jepesi, nami namheshimu kwa hilo.

Sisemi kuwa kazi hizi hazina kasoro. Mwaka 2018, katika kuadhimisha miaka 25 ya mchezo, ulitolewa mkasa mkubwa uitwao Shattered Grid, na katika toleo la 25 Drakkon anamwua Tommy. Niliposoma nilishtuka kama mtoto. Lakini baada ya hapo kurasa zilijaa mashujaa wa kila awamu na kila rangi, hata msomaji akawa kama mtu aliyesimama stendi ya mabasi akitafuta nduguye mmoja. Na mwisho wake ulimwengu ukaundwa upya na marehemu akarejea. Kifo kinachoweza kufutwa hupunguza hata thamani ya machozi yaliyotangulia. Najua desturi ya biashara hiyo, kwamba shujaa anayeuzika hazikwi kwa muda mrefu. Wajapani walimwacha Burai afe, na katika hilo nawaona wamewazidi Wamarekani wote, wa televisheni na wa karatasi. Kwa upande wa picha sina lawama kubwa. Dan Mora wa Costa Rica, aliyechora mfululizo wa Go Go Power Rangers ulioanza mwaka 2017 kwa maandishi ya Ryan Parrott, anajua kuzichora nyuso za vijana zikawa na aibu, wivu na njaa, si misuli tu.

Liko jambo la mwisho ambalo linanigusa kwa njia nyingine. Katika mchezo wa mwaka 1993 mwigizaji Mwamerika Mweusi, Walter Jones, alipewa vazi jeusi kwa jina la Zack, na Thuy Trang, mzaliwa wa Vietnam, alipewa la manjano. Mengi yamesemwa juu ya ugawaji huo, na yalistahili kusemwa. Televisheni ilimfanya Zack acheze dansi na kuchekesha, basi. Katuni ilimpa jambo moja la fahari: tunaambiwa kuwa kabla Rita hajamwendea Tommy alimjaribu Zack kwanza, akamtolea sarafu ile ile ya kijani, na Zack akakataa.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Aliyelogwa akatenda maovu ndiye aliyekuja kuwa nyota. Ana kisa chake, ana dhalimu mwenye uso wake, na mwaka 2018 alitungiwa hata kitabu cha uzee wake, Soul of the Dragon. Msichana wa waridi, Kimberly, naye alipata mfululizo wake mwaka 2016. Na huyu aliyesimama peke yake mbele ya mchawi, bila upanga wa kuvunjwa wala mkono wa kushikwa, akasema hapana, kisha kesho yake akaenda shule kama kawaida? Sarafu aliyoikataa ndiyo iliyompiga yeye na wenziwe ilipoingia katika kiganja cha mtu mwingine. Alilala vipi usiku ule? Alimtazamaje Tommy siku walipoketi meza moja? Katika ofisi ile yangu alikuwapo pia mtu aliyeletewa zile hati kabla ya karani, akakataa kutia sahihi. Hapana aliyemwandikia barua yenye mhuri. Hicho ndicho kitabu ambacho ningekiagiza leo kwa fedha yoyote niliyo nayo, kitabu cha Zack peke yake, bila majitu mengi na bila ulimwengu wa pili. Mpaka sasa sijakiona.